Shangazi, kipimo kimesema nina akili ya chini ya wastani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 37, naishi Makorora hapa Tanga. Nimesomea uhasibu, na kwa miaka 11 nimekaa meza ya mahesabu katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Jina langu naomba ulisitiri.

Miaka minne iliyopita niliamka jicho la kulia limeingia ukungu, na nikiligeuza linauma. Nikapewa miwani. Baada ya wiki chache ukungu ukaondoka wenyewe, miwani ikakaa kabatini. Mwaka uliofuata ikaja ganzi. Ilianzia nyayoni ikapanda hadi kiunoni, na mguu wa kushoto ukawa mzito kana kwamba nimefungwa kiroba cha mchanga. Sikufichi, tulihangaika. Wifi yangu alinipeleka kwa mzee mmoja njia ya Pangani, nikafukizwa, nikanyweshwa kombe. Mwisho kaka yangu akauza pikipiki yake, tukaenda Dar es Salaam. Nikapigwa picha ya MRI ya kichwa na ya mgongo, nikatolewa maji ya uti wa mgongo, na daktari wa mishipa ya fahamu akaniambia nina maltipo sklerosisi, hii wanayoiita MS. Nikaanzishiwa dawa. Alhamdulillahi natembea, napika, na kazini nilirudi.

Kilichonifanya nikuandikie kilianza mwezi wa pili mwaka huu. Nilikuwa nimetoka mapumziko ya ugonjwa ya wiki sita. Bosi akasema ofisi inataka kujua kama kichwa changu bado kinaimudu kazi, kwa hiyo wameleta mtaalamu wa kupima akili. Nikaitwa saa nane mchana. Ghorofa ya tatu, ngazi kwa miguu, na umeme siku hiyo ulikuwa umekatika. Joto la Tanga mwezi wa pili unalijua. Kulikuwa na maswali ya maana za maneno, kwa Kiingereza, hayo nilijibu bila taabu. Kulikuwa na vibao vyekundu na vyeupe, nivipange vifanane na picha huku saa inakwenda. Halafu kukawa na karatasi ya tarakimu, kila tarakimu na kimchoro chake, nichore kimchoro chini ya tarakimu haraka niwezavyo kwa dakika mbili. Mkono ulikuwa unatetemeka, kalamu inateleza kwa jasho. Niliposikia "basi, weka chini", sikuwa nimefika hata nusu ya karatasi. Muda wote ule sikupumzishwa hata mara moja.

Wiki moja baadaye nikaitwa nionyeshwe majibu. Jumla 86. Chini yake kumeandikwa kuelewa maneno 106, kufikiri kwa kuona 88, kumbukumbu ya kazi 91, kasi 68. Bosi alipigia mstari ile 86 peke yake, akasema, "Mama, hii ni chini ya wastani, mahesabu ya wateja hatuwezi kukuachia." Sasa nakaa mapokezi, nagawa fomu.

Habari ikafika nyumbani kabla yangu. Mume wangu hanitukani, lakini siku hizi nikianza kusema jambo ananimalizia. Nikimuuliza kuhusu ada ya shule ananiambia, "Hilo niachie mimi." Na binti yangu, ana miaka 11, ameniuliza nikimsuka nywele: "Mama, eti kweli akili zako zimepungua? Bibi ndiye amesema."

Na kinachoniuma zaidi, Shangazi, ni kwamba naona kuna ukweli ndani yake. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, tuko akina mama 22, tunakutana Jumamosi jioni. Wiki tatu zilizopita walikuja wote kwa pamoja. Huyu anasema hisa tatu, yule anasema ana marejesho elfu kumi na tano na faini ya kuchelewa, mwingine anadai chenji. Nikashika kalamu nisijue nianzie kwa nani. Kimya kikaingia. Mwenzangu mmoja akalitoa daftari mapajani mwangu, wala hakusema neno, akaendelea yeye. Mwisho wa kikao sahani ilikuwa na 412,500, daftari likasema 397,500. Wakahesabu mara tatu, haikufunga, tukatawanyika kwa manung'uniko. Niliomba daftari nilale nalo. Usiku watoto wamelala, nikaweka simu chini ya bilauri ya maji ili mwanga usambae, nikakaa mkekani nikapitia mstari kwa mstari. Ilipofika saa sita nikaliona: marejesho ya mama mmoja, ile elfu kumi na tano aliyoitamka wakati wa vurugu, hayakuandikwa. Asubuhi nikamwambia mwenyekiti. Akasema, "Bahati." Jumamosi iliyofuata daftari hawakunirudishia.

Naomba uniambie ukweli, usinifariji. Akili zangu zinaisha? Nikubali mapokezi na niachie kikoba? Na huyu mtoto nimjibu nini?

Wako,
Mama Wawili, Makorora

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama pale pale: usiku wa manane, mkekani, mwanga wa simu kwenye bilauri ya maji. Watu 22 walikuwa na daftari lile mbele yao na kosa hawakuliona. Aliyeliona ni yule anayesemwa kwamba akili zimemwishia. Shika hilo mkononi wakati tunazungumza, maana nitalirudia.

Kabla sijaanza kuandika ukurasa huu nilifanya kazi ya kupima watu, miaka mingi. Vibao vile vyekundu na vyeupe nimewapangia watu mezani mara nisizoweza kuzihesabu, na karatasi ya tarakimu na vimchoro naijua kama ninavyoijua njia ya kwetu. Ndiyo maana nimekasirika, na hasira yangu haiko juu yako.

Umetaka ukweli. Ukweli ni kwamba MS inaweza kugusa kufikiri, na wewe imekugusa. Jean-Martin Charcot, daktari wa Paris aliyeueleza ugonjwa huu kwa mapana mwaka 1868, aliona kwa wagonjwa wake kumbukumbu iliyodhoofika na mawazo yanayojengeka polepole. Kisha kwa miaka mingi mno madaktari wakashughulika na miguu, macho na kibofu, suala la kufikiri wakaliacha kando. Mwaka 1991 Mmarekani Stephen Rao na wenzake waliwapima watu wenye MS wanaoishi majumbani kwao, si waliolazwa hospitali, na asilimia 43 wakakutwa na upungufu fulani wa kufikiri. Siku hizi hutajwa kati ya asilimia 40 na 65. Kwa hiyo uliyoyaona kwenye kikoba hukuyaota.

Lakini upungufu wa nini hasa? Hapo ndipo bosi wako na mama mkwe wako walipopotea, na ndipo ninapotaka ukae na mimi kidogo.

Nyuzi za fahamu kwenye ubongo zimevikwa ala ya mafuta inayoitwa mielini. Uzi uliovikwa vizuri hupitisha ujumbe kwa mwendo unaoweza kufika mita 100 kwa sekunde. Ala ikichunika, kama inavyochunwa na kinga ya mwili kwa mtu mwenye MS, ujumbe huchelewa, na pengine hukatikia njiani. Chukua mtu anayetoka Kange kwenda Chumbageni kwa baiskeli, na barabara imechimbwa. Njia anaijua, miguu anayo, baiskeli nzima. Atafika, ila atachelewa. Na ukimwekea saa, ukasema asiyefika kwa dakika kumi hajui njia, utakuwa umemdhulumu.

Ndiyo sababu kasi ya kufikiri mara nyingi huguswa kabla ya kingine chochote katika ugonjwa huu. Baada yake huja kujifunza jambo jipya, kwa maana kwamba mtu anahitaji kuambiwa mara nyingi zaidi kabla halijamkaa. Msamiati, ujuzi wa dunia, na yale aliyosoma na kuyazoea kwa miaka, hayo kwa wengi hubaki imara kwa muda mrefu. Sasa ichukue karatasi yako: maneno 106, kasi 68. Mtu akinipa karatasi ile bila kuniambia ni ya nani, MS ni mojawapo ya mambo ambayo ningeyafikiria mwanzoni kabisa.

Tuiangalie na ile 86. Kwa maelezo yako ulipewa kipimo cha ukoo wa Wechsler. David Wechsler alitoa kipimo chake cha kwanza mwaka 1939, New York, na toleo la nne la watu wazima, lenye mafungu manne kama yako, lilitoka 2008. Katika vipimo hivi wastani umewekwa kuwa 100, na watu wengi, kama theluthi mbili, huangukia kati ya 85 na 115. Alama 80 hadi 89 huitwa wastani wa chini. Bosi wako amegeuza maneno hayo akasoma "chini ya wastani", na kwa mageuzi hayo ya maneno mawili umehamishwa meza.

Tena jumla ile yenyewe, mwanangu, kwako haina maana kubwa. Fungu lako la juu na la chini yameachana kwa alama 38. Yakiachana hivyo, kuyajumlisha ni kama kuchukua ndoo ya maji ya moto na ndoo ya barafu ukasema wastani ni vuguvugu. Mpimaji aliyefundishwa analijua hilo. Ipo alama nyingine katika kipimo hicho hicho, fahirisi ya uwezo wa jumla, inayotazama maneno na kufikiri kwa kuona tu, ikiacha pembeni kasi na kumbukumbu ya kazi, yaani ule uwezo wa kushika jambo kichwani huku unalifanyia kazi. Imetengenezwa kwa watu kama wewe, ambao kasi ingewafunika. Hukupewa, na una haki ya kuiuliza. Kwa maneno, 106 maana yake ni kwamba kati ya watu 100 wa umri wako unawazidi kama 65. Na hao uliolinganishwa nao ni Wamarekani, wamepimwa kwa lugha ya mama zao! Wewe ulijibu kwa Kiingereza ulichojifunza darasani.

Sasa ile karatasi ya vimchoro. Inaitwa kipimo cha kasi ya kufikiri, lakini hebu tazama kinachotakiwa: jicho lipande juu kwenye ufunguo, lishuke, lisipoteze mstari, na mkono uchore vimchoro vidogo vidogo kwa sekunde 120. Wewe jicho lako la kulia limewahi kuvimba mshipa wake wa fahamu, maana ukungu ule wenye maumivu ndiyo huo. Mkono unatetemeka. Sehemu ya 68 yako ni ya ubongo, sehemu ni ya kalamu iliyokuwa inateleza kwa jasho, na kipimo chenyewe hakiwezi kuzitenganisha. Vibao navyo hivyo hivyo: vina saa, na anayewahi hupewa alama za ziada. Kwa watu wenye MS tunatumia kingine. Kilitolewa na Aaron Smith mwaka 1973, kinadumu sekunde 90, na ufunguo wake unafanana na ule wako, ila mtu anaweza kujibu kwa mdomo. Anaona kimchoro, anataja tarakimu, mpimaji ndiye anayeandika. Mkono unakaa mapajani.

Hapo bado sijaligusa joto.

Mwaka 1890 Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliona kwamba macho ya wagonjwa wake yalififia baada ya mazoezi ya mwili. Baadaye ikajulikana kwamba sababu ni joto: mwili wa mtu mwenye MS ukipanda hata nusu nyuzi joto tu, uzi uliochunika ala hushindwa kupitisha ujumbe uliokuwa unaupitisha asubuhi. Ukipoa, hurudi. Haya, wewe umepimwa mwezi wa pili, kaskazi imeshika, saa nane mchana, umepanda ghorofa tatu, hakuna feni, na umeketi muda wote ule bila kupumzika. Mimi mtu akinijia hivyo ningemnywesha maji, ningemrudisha nyumbani, na ningemwambia aje kesho saa tatu asubuhi. Kupima mtu mwenye MS katika hali ile ni kulipima joto.

Uchovu nao usiudharau. Uchovu wa MS si ule wa kupumzika nusu saa ukaisha. Huja hata siku uliyolala vizuri, na kadiri kipimo kinavyokwenda ndivyo alama zinavyoshuka. Na hili nakuuliza kama mama: unalala? Unakula kwa hamu? Unalia ukiwa peke yako? Karibu nusu ya watu wenye MS hupitia sonona wakati fulani wa maisha yao, na sonona peke yake hupunguza kasi na kumbukumbu. Inatibika. Barua yako ina huzuni nyingi kati ya mistari, na nisingependa daktari akuangalie miguu tu akuache na hilo. Mwonyeshe pia dawa zako zote, mpaka zile za kulegeza misuli na za kibofu kama unazo, kwa sababu baadhi hupumbaza kichwa. Damu pungufu, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, homa, maambukizi ya mkojo, yote haya huweza kumfanya mtu mwenye MS aonekane amepotea, na yote yana dawa.

Nilisema nitarudi mkekani.

Watafiti wa New Jersey, Heath Demaree na John DeLuca na wenzao, walifanya mwaka 1999 jambo ambalo nilitamani liwe limefanywa zamani. Waliwapa watu wenye MS maswali ya hesabu za kusikia, lakini badala ya kuwakimbiza wote kwa mwendo mmoja, walipunguza au kuongeza mwendo mpaka umfae kila mtu. Watu wenye MS walihitaji mwendo wa polepole zaidi. Walipopewa mwendo huo, usahihi wao ulikuwa sawa na wa watu wasio na ugonjwa. Wewe ulifanya utafiti huo huo Makorora bila kujua. Jioni, watu 22 wakisema kwa pamoja, kalamu ilikugandia. Usiku, mstari mmoja mmoja, hakuna anayekuharakisha, jua limezama na mwili umepoa, ukaona elfu kumi na tano iliyowapita wote. Mwenyekiti ameiita bahati. Mimi naiita uhasibu.

Kwa hiyo akili zako haziishi kwa namna wanavyosema. Kasi imepungua, na huenda ikapungua zaidi. Sitakudanganya kwamba kuna kidonge kilichothibitika kuirudisha. Dawa unazotumia kazi yake ni kuzuia mashambulizi mapya, ndiyo maana usizikatishe hata ukijisikia mzima. Mazoezi ya mwili husaidia, ukiyafanya alfajiri au jioni kukiwa na upepo wa bahari. Na kuna mafunzo ya kumbukumbu yanayofaa, hasa ya kulifunga jambo jipya kwenye picha au kisa ili likae.

Kikoba usikiachie. Badilisha namna ya kukiendesha. Mwambie mwenyekiti waje mezani mmoja mmoja kwa namba, kila mtu ataje kiasi mara moja, wewe ukirudie kwa sauti huku unaandika, na mwenzako mmoja ahesabu fedha kando yako. Vikoba vingi hufanya hivyo hata bila mgonjwa, na kwa kufanya hivyo shilingi zinazopotea ni chache zaidi. Kaeni kivulini, uwe na maji ya baridi na kitambaa kibichi cha shingoni. Kama mnaweza kukutana asubuhi badala ya jioni ya jua kali, bora zaidi. Nenda umwone mwenyekiti kwake, siku ya kazi, peke yenu. Usiliseme mbele ya watu 22, kwa sababu hapo ndipo maneno yatakukimbia.

Kazini, nenda na karatasi. Pitia Hospitali ya Bombo upate rufaa urudi kwa daktari wako wa mishipa ya fahamu, umweleze kipimo kilivyofanyika: saa, joto, mkono, jicho, lugha. Omba barua mbili. Moja iseme upimwe upya, asubuhi, mahali penye ubaridi, kwa vipindi vifupi, na kwa vipimo visivyotegemea mkono. Nyingine ieleze unachohitaji ili kazi iende: meza mbali na mlango, feni, kazi ngumu uwekewe kabla ya saa sita, maagizo yaandikwe, usikatizwe unapofunga hesabu. Hayo hayamgharimu mwajiri kitu kikubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo upande wako. Anza kwa upole, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Lakini ikitokea wakakuachisha kazi, usikae nyumbani ukilia mwezi ukapita: una siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hii wanayoiita CMA.

Kuna jambo moja nisilolificha. Huenda ukipimwa vizuri ikaonekana baadhi ya kazi za meza ya mahesabu kweli zinakulemea, zile za simu tatu na mteja amesimama dirishani. Basi hizo ziondoke, na ukaguzi na ulinganishaji wa vitabu ubaki kwako. Huko ndiko unakofaa. Kukuweka mapokezi, penye kelele, watu wanaopishana na maswali kumi kwa dakika, ni kukupeleka mahali ambapo ugonjwa wako utaonekana zaidi kuliko popote katika jengo lile.

Mume wako naona anaogopa. Anayemmalizia mwenzake sentensi mara nyingi anadhani anamtua mzigo. Usimgombeze mbele ya mama yake. Usiku mkiwa wawili mweleze habari ya baiskeli na barabara iliyochimbwa, kisha mwombe jambo moja tu: ukinyamaza katikati ya maneno, ahesabu moja mpaka kumi moyoni kabla hajasema. Suala la ada mkae nalo pamoja, karatasi mbele yenu. Kile kipimo cha kasi cha kujibu kwa mdomo kirudiwe kila mwaka ili daktari ajue mwendo wa ugonjwa, na siku hiyo aende nawe, ayasikie majibu kwa masikio yake.

Sasa binti yako. Miaka 11 anaelewa mengi, na aliyekuuliza huku unamsuka alikuwa anauliza kama mama yake bado yupo. Mjibu mkiwa katika hali ile ile, mgongo wake kwenye magoti yako, chanuo mkononi. Mwambie ugonjwa umechuna nyaya za kichwa, ndiyo maana majibu ya mama yanachelewa, na joto likizidi yanachelewa zaidi. Mwambie bibi ameona kuchelewa akadhani hakuna kitu. Halafu mpe hesabu yake ya shule, ile inayomshinda, muifanye wote wawili taratibu, na umwache yeye ndiye ashike kalamu.